SACCOS yako inapotafutwa mtandaoni saa hii: namna ya kuwahi uvumi

Jumanne moja mfumo wa malipo wa SACCOS yetu (chama cha akiba na mikopo) ulizimwa mchana kwa matengenezo. Saa tisa mwanachama mmoja akaandika Facebook kwamba akiba zimeliwa. Hadi jua linazama, barua za kujitoa zilikuwa zimeanza kuingia. Haikupotea hata shilingi. Kilichokosekana ni maelezo mafupi pale ambapo mwanachama mwenye hofu angeyatafuta. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Hatua ya 1: Kusanya maneno ya wanachama. Kaa na karani wa mapokezi, mwulize watu huulizaje. Hakuna anayetafuta jina refu lililo kwenye cheti cha usajili. Wanaandika "sakosi ya walimu", kifupi cha chama, au jina la mtaa zilipo ofisi, kisha wanaongeza "mkopo", "gawio", "kujitoa", "imefilisika". Andika yote, hata yaliyokosewa herufi.

Hatua ya 2: Tafuta ya saa hii. Fungua dirisha la faragha la kivinjari (incognito), ili matokeo yasifuate ulichotafuta jana. Kwenye Google weka jina ndani ya alama za nukuu, kisha chagua matokeo ya saa iliyopita. Usiishie hapo. Desemba 2009 Google ilianza kuonyesha machapisho ya Twitter papo hapo, lakini Julai 2011 mkataba wake na Twitter ukaisha na huduma hiyo ikafungwa. Mtambo mmoja wa utafutaji hauoni kila kinachoandikwa. Tafuta pia ndani ya Facebook na TikTok, ukitanguliza machapisho mapya. Makundi ya WhatsApp hayatafutiki kutoka nje. Huko tegemea wanachama wanaokuamini.

Hatua ya 3: Washa Google Alerts. Ni huduma ya bure inayokuarifu kwa barua pepe maneno uliyochagua yakionekana mtandaoni. Weka yale maneno ya hatua ya kwanza, uchague kuarifiwa papo hapo. Inakosa mengi, kwa hiyo bado nafanya utafutaji wa mkono asubuhi na jioni.

Hatua ya 4: Weka jibu kabla ya swali. Hapa ndipo vyama vingi vinapoumia. Taarifa inaandikwa, inapigwa mhuri, inapigwa picha na kurushwa kama picha. Mitambo ya utafutaji hushika maandishi vizuri kuliko picha ya barua, hivyo anayetafuta anakuta malalamiko tu. Weka maandishi kamili kwenye tovuti, yenye tarehe na saa, na kichwa chenye maneno ya mwanachama: "Kwa nini siwezi kutoa akiba leo?" Eleza kilichotokea, huduma itarudi lini, na nani apigiwe simu. Kama wakaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika Tanzania, wameshapitisha hesabu, taja mwaka wa hesabu hizo.

Bodi haikutani kila siku, na uvumi hauisubiri. Kubalianeni mapema kwamba meneja na mwenyekiti wanatosha kuidhinisha taarifa ya dharura. Sisi tuna rasimu tatu tayari: mfumo kuzimwa, mikopo kuchelewa, na mtumishi kusimamishwa kazi.

Hatua ya 5: Mjibu mtu, ficha hesabu zake. Aliyelalamika hadharani ajibiwe hadharani, kwa heshima, kisha aelekezwe ofisini. Usitaje akiba wala deni lake hata kama amesema uongo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Na kama kweli chama kimekosea, kiri siku hiyohiyo. Fedha ni za wanachama. Hawatuombi fadhila wanapouliza.

Hatua ya 6: Rudi kwenye ukurasa. Tatizo likiisha, ongeza tarehe na saa lilipotatuliwa juu ya taarifa ileile. Usiifute, maana chapisho la malalamiko litabaki, na atakayelikuta mwakani anahitaji kuona jibu lake. Orodha ya yaliyoulizwa mwaka mzima naichapa na kuisoma kwenye mkutano mkuu, chini ya yatokanayo, kabla ya hesabu.