AC ya dashibodi ya motahomu haipoozi? Usikimbilie gesi

Motahomu (magari yenye nyumba ndani) nyingi za Kimarekani zilizojengwa juu ya chesi ya Ford F53 zina AC mbili zisizojuana. Ya paa inakula umeme wa jenereta; ya dashibodi inazungushwa na mkanda wa injini. Mwongozo huu ni wa hii ya pili. Mabomba na boksi la hewa la nyuma ya dashi hufungwa na kiwanda kilichojenga nyumba, kwa hiyo usitegemee kitabu cha chesi kukuonyesha yalipopita.

Hatua ya 1: Upepo unatokea wapi?
Washa injini, weka AC kwenye MAX na feni mwisho. Ukichagua upepo wa usoni nao ukatokea kwenye kioo, tatizo ni vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Katika mifumo ya aina hii, vakyumu ya injini ndiyo inayovuta vilango vya hewa. Ikipotea, springi huurudisha upepo kwenye kioo, makusudi, ili dereva asije akakosa kuona njia.

Upepo ukihamia kioo mnapopanda mlima tu, shuku valvu ya njia moja au tangi dogo la akiba: ukikanyaga mafuta sana, vakyumu ya injini hushuka, na akiba ndiyo iliyopaswa kushikilia. Pima kwa geji. Injini ya petroli isiyo na hitilafu, bila kukanyagwa mafuta, hutoa inchi 17 hadi 21 za zebaki ukiwa karibu na usawa wa bahari. Vakyumu ikiwepo kwenye injini na kwenye swichi ya dashi haipo, fuata mpira mwembamba unaoipeleka huko. Hupasuka unapopenya ukuta wa injini au unapokaribia ekzosi.

Hatua ya 2: Maji ya moto
Hapa ndipo gesi husingiziwa sana. Shika hozi mbili za hita. Zote zikiwa za moto wakati AC iko MAX, valvu ya hita haifungi, na hewa iliyopozwa inachemshwa tena. Bana hozi ya kuingia kwa kibanio kisicho na meno, usubiri dakika 10. Baridi ikirudi, badilisha valvu. Lakini valvu nyingi nazo hufungwa kwa vakyumu, hivyo mpira mmoja uliopasuka unaweza kuleta matatizo yote mawili.

Hatua ya 3: Klachi ya kompresa
Sahani ya mbele izunguke pamoja na puli. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei, kisha volti 12 kwenye plagi ya klachi. Umeme ukiwepo na haivuti, pima koili (nyingi ni ohmu 3 hadi 5) na mwanya wa sahani. Ukipita milimita 0.8 hivi, klachi huanza kukataa injini ikipata moto. Umeme usipofika, huenda swichi ya presha imekata kwa sababu gesi imeisha. Usiiruke kwa waya ukaiacha: kompresa isiyo na gesi hairudishiwi oili.

Hatua ya 4: Geji
Injini ikiwa imezimwa na imepoa, R-134a (gesi ya AC) kwenye nyuzi 30 za Selsiasi husoma karibu psi 95 pande zote mbili, wa presha ya chini na wa presha ya juu. Hiyo inathibitisha kwamba gesi iliyo kimiminika imo, si kwamba inatosha. Kisha washa, mizunguko 1,500 kwa dakika:

- Presha ya pande zote iko chini, klachi inakatakata kila sekunde chache: gesi pungufu. Tafuta oili kwenye viungo na kwenye hozi ndefu zinazosugua chesi.
- Zote juu: nyunyizia maji kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele). Presha ikishuka haraka, hewa haipiti. Safisha matundu, angalia feni.
- Upande wa chini unaelekea vakyumu: njia imeziba.
- Presha ya upande wa chini imepanda na ya upande wa juu imeshuka: kompresa imechoka.

Baada ya kuziba uvujaji, vuta vakyumu dakika 45 na ujaze kwa mizani kulingana na lebo. Makopo yenye dawa ya kuziba yaache dukani; huharibu mashine ya fundi atakayefuata. Kuachia gesi hewani ni kosa kisheria Marekani, na fundi anayelipwa kutengeneza AC ya gari lazima awe na cheti cha kifungu 609 cha EPA, mamlaka ya mazingira ya huko.