Somo: Kuhama mji wa pwani wenye joto kwenda mji wa baridi wenye unafuu wa maisha

Wengi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja. Mimi na familia yangu tulihama kutoka mji wa baharini kwenda mji wa milimani, tukifuata kodi ndogo ya nyumba. Kodi ndogo tuliipata. Lakini nyumba ya kwanza tuliyopanga ilitutesa miezi minne. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa ukitoa jasho usiku, na alfajiri nikipapasa shuka upande wa ukutani nakuta limelowa. Mtoto wetu mdogo alikohoa mfululizo mpaka tulipohama tena, safari hii mtaa wa pili tu, mji uleule.

Mji haukuwa na kosa. Tulichagua nyumba kwa macho ya watu wa pwani: tulitafuta kivuli na upepo. Ndiyo maana katika somo hili nitakaa sana kwenye nyumba kuliko kwenye nguo. Kwenye mji wa baridi nyumba ndiyo koti la kwanza. Ukikosea hapo, kile ulichookoa kwenye kodi kitaishia kwenye umeme, kuni na dawa.

Hatua ya 1: Ijue baridi unayoiendea

Kuna baridi ya mwinuko na baridi ya majira. Ukipanda kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila mita 1,000. Kwa hiyo mji ulio mita 2,000 juu unaweza kuwa na baridi kuizidi pwani ya ukanda huohuo kwa nyuzi 13 hivi. Kwenye ukanda wa ikweta baridi hii haina msimu mmoja. Mchana jua likitoka unavua sweta, jioni unalitafuta tena. Bahari hunyonya joto na kulitoa polepole, na ndiyo maana pwani usiku na mchana hazipishani sana. Bara, ardhi hupoa upesi mara jua likizama, hasa usiku ambao anga haina mawingu.

Baridi ya majira ni ya miji iliyo mbali na ikweta. Hiyo huja kwa miezi kadhaa, maji yanaganda, mchana unafupika, halafu inaondoka. Maandalizi yake ni mengine kabisa.

Usiridhike na jibu la "kule kuna baridi". Uliza usiku joto linashuka mpaka nyuzi ngapi, mwezi gani, na kama maji huganda. Wastani wa mwaka hausaidii, kwa sababu hulali kwenye wastani.

Hatua ya 2: Kalale huko mwezi wa baridi kali

Usiende kutembea mchana ukarudi. Lala angalau usiku tatu, tena kwenye chumba cha kawaida cha kupanga, si hoteli yenye hita. Amka saa kumi na moja alfajiri, uoge, utoke nje ukatembee muda ule ambao utakuwa unaenda kazini. Kama mmeoana, nendeni wote wawili. Nimeona ndoa zikiyumba kwa sababu mmoja alikwenda kuangalia mji kipindi cha jua, akarudi na sifa, mwenzake akafika kwenye baridi.

Hatua ya 3: Piga hesabu nzima

Kodi ni sehemu tu. Chora safu mbili, huko utokako na huko uendako, kisha andika kodi, nishati ya kupasha nyumba na maji ya kuoga, nguo za familia nzima, nauli za ndani, nauli za kwenda kusalimia wazazi, na kipato. Hiki cha mwisho watu hukisahau: miji yenye maisha nafuu mara nyingi ina mishahara midogo pia. Kama kazi yako unaifanya kwa intaneti, pima kasi ya mtandao ndani ya nyumba yenyewe, si mtaani.

Kama una nyumba pwani, usiiuze kabla hujamaliza msimu mzima wa baridi kule. Ipangishe. Na weka akiba ya miezi mitatu usiyoigusa.

Hatua ya 4: Kagua nyumba kwa macho mapya

Anza na jua. Pwani ulilikimbia, sasa unalitafuta. Kaskazini mwa dunia, jua la majira ya baridi huingilia madirisha yanayotazama kusini. Kusini mwa dunia huingilia yanayotazama kaskazini. Ukiwa karibu na ikweta, chumba cha mashariki hupata joto asubuhi, wakati unapolihitaji zaidi. Nyumba iliyo nyuma ya ghorofa refu au chini ya miti mikubwa, hata iwe nzuri namna gani, mimi siichukui.

Nenda kaiangalie asubuhi na mapema, dalali alalamike asilalamike. Weka mgongo wa kiganja kwenye ukuta wa nje, kisha kwenye ukuta wa kati. Ukikuta ule wa nje una ubaridi wa majimaji, hapo kuna tatizo. Sogeza kabati na uinuse ukuta nyuma yake. Harufu ya kuvu haifichiki, hata kama ukuta umepakwa rangi wiki iliyopita. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, au pembe moja tu ya dari, ndiyo ninayoitilia shaka kuliko zote.

Halafu washa ubani au udi, upitishe taratibu kando ya fremu za madirisha na chini ya mlango. Moshi ukiyumba kuelekea ndani, upepo unaingia hapo usiku kucha. Nyufa hizo huzibwa kwa gharama ndogo, kwa hiyo si lazima uikatae nyumba, ila uzihesabu na uzungumze na mwenye nyumba kabla ya kulipa. Dari ni muhimu zaidi. Joto hupanda, na nyumba yenye bati tupu bila dari hulimwaga lote nje.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, linataja nyuzi 18 kuwa joto salama la ndani kwa watu wengi kwenye nchi zenye majira ya baridi. Nunua kipimajoto kidogo, ukitundike chumba cha kulala. Ni kitu rahisi, nacho kinamaliza ubishi wa nani anasikia baridi na nani anajidekeza.

Hatua ya 5: Moto ndani ya nyumba

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Usilale na jiko la mkaa ndani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Unaanza kuumwa kichwa, unalegea, unasinzia, na huamki. Kuufungua mlango kidogo si kinga, na mkaa mwekundu usio na moshi ni hatari vilevile. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha. Kama nyumba inapashwa kwa gesi, kuni au makaa ya mawe kwa mfumo wenye bomba la moshi, fundi alikague bomba kila mwaka kabla ya msimu, na ufunge king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala.

Hatua ya 6: Mizigo

Lori hulipiwa kwa nafasi, kwa hiyo feni na viyoyozi viuze. Mapazia mazito, mazulia na mablanketi beba yote. Fanicha za mbao zilizozoea unyevu wa bahari zinaweza kunywea kwenye hewa kavu na kufunguka maungio. Zisikae karibu na hita. Friji, televisheni na kompyuta zikishushwa zikiwa za baridi, ziache ndani saa kadhaa kabla ya kuziwasha, maana umande hujikusanya ndani yake kama unavyojikusanya kwenye glasi ya maji ya barafu.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza

Vaa tabaka tatu: ya ndani inayonyonya jasho, ya kati ya kutunza joto, ya nje ya kuzuia upepo na mvua. Pamba ikilowa jasho hupoteza joto, sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu. Viatu vya baridi nunua vyenye nafasi ya soksi nene. Vikibana, damu haifiki vizuri vidoleni na miguu inapoa zaidi.

Kunywa maji hata kama husikii kiu. Paka mafuta mazito mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kama umepanda juu sana, kwa kawaida zaidi ya mita 2,500, nenda taratibu siku za mwanzo. Kichwa kuuma na usingizi wa kukatika ni kawaida, lakini kukosa pumzi ukiwa umepumzika si kawaida. Hapo shuka chini na utafute daktari.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kila asubuhi madirisha yangu yanachuruzika maji kwa ndani. Je, paa linavuja?*

Marahaba mwanangu. Hapana, ni pumzi zenu, mvuke wa jikoni na nguo mnazoanika ndani. Hewa ya joto hubeba unyevu, ikigusa kioo cha baridi inauacha pale. Fungua madirisha yote wazi kwa dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni, kisha funga. Hiyo ni bora kuliko kuacha dirisha moja na upenyo siku nzima, maana upenyo unapoza ukuta. Funika sufuria unapopika, futa kioo kwa kitambaa ukakikamue nje, na kabati liachie nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani. Mimi ningeyajua haya mapema, kile kikohozi cha mwanangu kisingefika miezi minne.

*Mwalimu, nina mtoto wa miezi mitano. Nimfunike mablanketi mangapi?*

Hata moja lililo huru usimwekee, dada. Mtoto wa chini ya mwaka anaweza kufunikwa uso akashindwa kupumua. Mvishe nguo za tabaka na mfuko wa kulalia unaomtosha, kichwa kiwe wazi, alale chali. Mpime joto shingoni kwa nyuma au kifuani, usiangalie mikono, maana mikono ya mtoto hupoa hata akiwa na joto la kutosha. Garini, mvue koti nene kabla ya kumfunga mkanda, kisha mfunike juu ya mkanda.

*Mwanangu ana selimundu (sikoseli). Tunaweza kuhamia milimani?*

Usihame kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Baridi inaweza kuamsha maumivu, na mwinuko mkubwa una oksijeni pungufu. Wapo wanaoishi vizuri kwenye miji ya baridi, lakini unatakiwa ujue hospitali ipi iko karibu, kama ina huduma ya damu, na dawa zake utazipata wapi. Omba nakala ya faili lake uondoke nayo. Ukipewa ushauri wa kutokwenda, kaka, usiende. Wenye pumu na shinikizo la damu nao wazungumze na daktari kwanza, kwa sababu baridi hubana njia za hewa na kupandisha shinikizo.

*Tangu tuhamie huku nafaka na kunde haziivi. Nimebadilisha jiko, bado.*

Jiko halina kosa. Juu milimani kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kwenye mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na kuongeza moto hakuyafanyi yawe ya moto zaidi. Loweka kunde usiku kucha, na tafuta sufuria ya presha.

*Gari langu linahitaji nini? Naenda nchi yenye barafu.*

Maji matupu kwenye rejeta hayafai. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na hupasua hata chuma. Weka kimiminika cha kuzuia kuganda kwa kiwango cha baridi ya huko. Betri iliyochoka itakufia asubuhi ya kwanza ya barafu, ipime kabla. Upepo wa tairi nao hupungua, kiasi cha psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka. Mabomba ya maji ya nyumbani ni vivyo hivyo: ujue valvu kuu iko wapi siku ya kwanza unapokabidhiwa funguo.

*Huku hakuna mbu, tumegawa vyandarua vyote. Tulikosea?*

Kwa huko mliko, pengine hapana. Lakini mkirudi pwani likizo mvitumie, kama pwani yenu ina malaria. Kinga ambayo mwili hujijengea kwa kuumwa mara kwa mara hupungua mtu akikaa mbali miaka kadhaa, na watoto waliozaliwa juu hawana kabisa. Mmoja wenu akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi huko juu, mwambie daktari wazi kwamba mlikuwa pwani na mwombe kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Kwenye mji wa baridi daktari asipoambiwa anaweza kuidhania mafua.