Namna ya Kuchagua Jina la Chombo cha Baharini

Msimu mmoja wa kusi, pwani yetu ya kusini mwa Tanga ilikuwa na mashua mbili zilizoitwa Tawakali, moja ya mjomba wangu na nyingine ya jirani wa ng'ambo ya mto. Jioni moja simu ilipigwa kutoka dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, sauti ikikatikakatika kwa upepo, na kilichosikika ni maneno matatu tu: "Tawakali imevunja mlingoti." Nyumba mbili hazikulala usiku ule, na ilipopambazuka ndipo ilipojulikana kwamba nyumba moja ilihangaika bure. Tangu hapo, mtu akinijia kutaka shauri la jina ilhali chombo chake bado kimo mikononi mwa fundi, humwuliza kwanza ni nani watakaolitamka jina hilo, kwa sababu mwenye chombo mwenyewe hulitamka mara chache kuliko watu wote.

Kwa hiyo anza kwa kutembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, wakati vyombo vimelala ubavu mchangani, ukasome majina ya bandari yako na ya bandari jirani unakotia nanga. Utakuta mengi ni dua au tumaini: Tawakali, Bismillahi, Subira, Riziki, Nia Njema. Simcheki aliyechagua hivyo, maana mtu aendaye mahali asipoona ardhi ana haki ya kutanguliza Mungu. Ikiwa moyo wako umeshaliangukia jina la namna hiyo na tayari lipo pwani, liongezee neno la pili, na neno hilo liwe la mahali: mtaa wako, kisiwa ulikotokea mti wa mkuku, ule wa chini kabisa wa chombo, au mwamba unaovua kando yake. Baada ya miezi michache wenyeji wataliacha neno la kwanza na kukiita chombo kwa lile la pili, nawe utakuwa umepata jina lisilo na mwenzake.

Jina likishapatikana, lipeleke kinywani kabla hujalipeleka kwenye karatasi. Mweke kijana ndani ya mtumbwi umbali wa mita 100 hivi, upepo ukiwa unavuma, umpigie ukelele jina lile naye akurudishie alichosikia. Majina ya silabi mbili hadi nne, yenye irabu za wazi na konsonanti zinazoshika, hufika yakiwa mazima. Amani na Imani, au Rahma na Rahima, hufika yakiwa kitu kimoja, na haifai vyombo viwili vya bandari moja kugawana majina kama hayo. Kwa chombo chenye redio jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mwito wa hatari kwenye chaneli 16 humtaka nahodha atamke Mayday mara tatu, kisha jina la chombo chake mara tatu, ndipo aeleze alipo na kilichompata, na huenda wakati huo maji yameshamfika magotini. Nimewahi kuona boti iliyoandikwa Hakuna Kama Mama Mzazi. Ni maneno ya kweli, lakini yarudie mara tatu huku boti inaingia maji.

Jaribio la pili ni kulitia jina katika sentensi za shida: imechelewa, imekwama mwambani, imeonekana imepinduka. Hapa majina mengi mazuri huanguka. "Salama haijafika salama" ni sentensi ya kumchanganya mtu aliyeamshwa usiku wa manane, na mashua iitwayo Kusi ikitoka kusini kwa upepo wa kusi itampa kazi karani wa bandari. Yaliyo hatari kabisa ni majina kama Dharura au Msaada, ambayo wapo wanaoyapenda kwa kuwa yanavutia macho, ingawa kwenye redio yatawaamsha waokoaji siku ambayo wewe unauliza bei ya barafu tu.

Mfano ninaoupenda unatoka ziwani. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walisafirisha boti mbili ndogo za injini kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika ili kupambana na meli za Wajerumani. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, naye akazipa majina Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa yanadokeza wanyama walewale. Kwake ulikuwa mzaha uliofanikiwa. Lakini mwite mtu wa Ujiji umwulize ni boti gani ile inayokuja, kisha umjibu "Mimi", uone atakavyokutazama.

Ukikosa jina kati ya dua, tazama juu na chini. Huko angani, Kilimia na Zuhura ni majina mafupi, na yanamhusu baharia kweli. Nguru, jodari na pomboo ni wanyama wanaojua kwenda, na shakwe hajawahi kumkosea mtu. Jina la aina hii lina faida moja ambayo watu huisahau, nayo ni kwamba asiyejua kusoma atakitambua chombo chako kwa mchoro mmoja tu uliowekwa kando ya maandishi.

Jihadhari na fumbo. Sisi watu wa pwani tumezoea kusemezana kwa kanga, na hamu ya kuuhamishia mtindo huo kwenye ubavu wa mashua ni kubwa, hasa kwa mtu aliyeunda chombo chake huku majirani wakisema hatakimaliza. Kanga ya kejeli huchakaa ikawa tambara la jikoni, lakini mashua iliyokalafatiwa vizuri na kupakwa deheni, yale mafuta ya kukinga mbao, kwa wakati hudumu miaka mingi baada ya aliyelengwa kuwa mkwe wako. Tena abiria na wanunuzi wa samaki hawajui ugomvi ulianzia wapi, na kila mmoja wao atadhani anasemwa yeye.

Majina ya watu nayo yana mizani yake. La mama au la binti halina ubaya. La mke, mshauri mwema atakuambia ungoje kidogo. La mkubwa wa serikali ndilo linalozeeka haraka kuliko yote. Ile meli ya Ziwa Tanganyika iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 iliitwa Graf von Götzen, kwa heshima ya aliyekuwa gavana wa Wajerumani. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, mwaka 1924 Waingereza wakaifufua, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Utawala wa Waingereza nao ukapita, lakini hakuna aliyeona haja ya kulifuta neno Liemba.

Kabla ya kununua rangi, nenda kwa msajili wa vyombo, yaani mamlaka ya usafiri wa majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya, au kwa mashua ndogo ya uvuvi uanzie kwa afisa uvuvi wa eneo lako. Peleka majina matatu kwa mpangilio wa upendeleo wako, kwa kuwa la kwanza huenda limeshachukuliwa. Amua tahajia moja na uishike katika leseni, bima na hati ya mauzo, maana Tawakal, Tawakali na Tawakkal kwa wanakijiji ni jina moja, lakini kwa mtu wa bima ni vyombo vitatu tofauti.

Kazi ya kuandika mpe fundi wa herufi, usimpe mpwa mwenye mwandiko mzuri. Mbao za omo, yaani mbele ya chombo, hupanda na kujipinda, kwa hiyo apime kwa uzi wenye chaki na aanze na herufi ya katikati. Ubavu wa kushoto jina huanzia omoni na ubavu wa kulia huishia omoni, na asiyelikumbuka hilo hubanwa na nafasi. Chombo chenye macho ya mapambo omoni, kama vile vya Lamu, jina likae nyuma ya jicho, kisha lirudiwe nyuma, kwenye shetri, pamoja na jina la bandari. Tumia rangi ya mafuta, nyeupe juu ya buluu iliyokolea au nyeusi juu ya nyeupe, na uiache ikauke kabisa kabla ya kukishua chombo. Nimeshuhudia mashua ikishuka majini asubuhi ikiitwa Riziki, ikarudi jioni ikiitwa Riz.