Kabla Hujatuma Meseji ya Kukumbusha Chanjo ya Influenza

Kituo cha afya cha Mwanza kinachotaka kuwakumbusha watu kwa meseji chanjo ya influenza, yaani homa kali ya mafua, kianzie kwenye jokofu. Chanjo hii haimo kwenye ratiba ya chanjo za bure za kliniki ya watoto, kwa hiyo haiji na mgao wa kawaida. Lazima iagizwe na kulipiwa. Hesabu dozi zilizopo. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi na msimu iliyotengenezewa, maana Shirika la Afya Duniani hupitia aina za virusi vya kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Hakikisha joto halitoki kati ya nyuzi 2 na 8 hata umeme ukikatika, na kwamba chanjo haijaganda. Mtu aliyetoka Kayenze kwa nauli yake akaambiwa dozi zimeisha hatajali meseji yako ya pili.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani mwaka 2020 na kuchapishwa 2022. Wateja 689,693 wa maduka ya dawa ya Walmart waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi hawakutumiwa kitu, wengine walitumiwa moja kati ya aina 22 za ujumbe. Kwa wastani, katika kila watu 100, wawili zaidi walichanjwa kwa sababu ya meseji. Ni wachache, lakini meseji ni bei ndogo, na wawili katika kila mia ni watu ambao huenda hutawaona wodini. Ujumbe uliofanya vizuri kuliko yote haukuwa na mbwembwe: ulimwambia mtu kwamba chanjo yake inamsubiri, kisha ukarudiwa baada ya siku 3. Lakini wale walikuwa na duka la dawa ambalo chanjo ilikuwepo kweli. Usiandike "tumekuwekea" kama hujamwekea.

Orodha ya namba ndiyo kazi ngumu, na hapa usiharakishe. Wanaostahili kutangulizwa wanajulikana: wajawazito, wazee, wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo na magonjwa mengine ya kudumu, watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na wahudumu wa afya wenyewe. Mimi ningeanza na wahudumu, kwa kuwa swali la kwanza mgonjwa atakalomuuliza nesi ni kama yeye amechanjwa. Kwa wengine, namba iliyoandikwa kwenye faili mara nyingi si ya mgonjwa. Ni ya mume, ya mtoto aliyeko Dar es Salaam, au ya jirani mwenye simu inayokaa na chaji. Muulize kila mmoja ana kwa ana: "Nikituma meseji kwenye namba hii, nani ataisoma, na unaridhia?" Andika jibu lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hata isingekuwepo, heshima ingekutaka hivyohivyo. Kwa hiyo usitaje sababu ya mtu kuwekwa kwenye orodha. Binti ambaye bado hajawaambia wazazi kwamba ni mjamzito asifichuliwe na meseji ya kituo. Anayetumia dawa za VVU vilevile.

Halafu kuna matapeli. Kila mwenye simu nchini ameshapata ile ya "hela tuma kwenye namba hii", na wengi sasa hufuta chochote kinachotoka kwenye namba wasiyoijua. Watangazie watu mapema, kliniki, msikitini, kanisani na kwa mwenyekiti wa mtaa, kwamba meseji itakuja, itatoka kwa jina gani, na haitaomba pesa wala namba ya siri. Kama chanjo inalipiwa, taja bei na useme wazi kwamba malipo ni dirishani tu.

Maneno yenyewe yawe machache. Meseji moja inabeba herufi 160. Ukiweka kikatuni (emoji) kimoja tu zinabaki 70, na gharama inapanda. Kwa mzee, kitu kama hiki kinatosha: "Shikamoo mama. Chanjo yako ya influenza tumekuwekea hapa kituoni. Karibu Jumanne saa 3 asubuhi, uje na daftari lako." Kisha jina la kituo. Taja influenza kwa jina, la sivyo mtu atadhani unamwita kwa mafua ya siku mbili. Asiyesoma, au anayeelewa Kisukuma kuliko Kiswahili, apigiwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemfahamu.

Siku ya kutuma ifuate maisha ya ziwani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wengi hupumzika na kurudi nyumbani. Hapo ndipo wanapatikana, hapo pia wake zao hawajainamia dagaa wa kuanika. Kwa visiwa vya Ukerewe, ambako mtandao huja na kuondoka, tuma mapema ili ujumbe upate siku ya kufika, na uoanishe tarehe na siku ya kivuko au boti.

Mwisho, pangeni nani atajibu. Watu watabipu, na watauliza kama sindano inaleta homa, kama mjamzito anaruhusiwa, kama aliyechanjwa mwaka jana arudie. Anayeshika simu awe na majibu: mkono unaweza kuuma na homa ndogo ikaja kwa siku moja au mbili, mjamzito anaruhusiwa na anashauriwa, ndiyo, ni kila mwaka, na kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Awe pia na salio la kuwapigia wote waliobipu, siku hiyohiyo.