Kuweka Manzuki Katika Msitu wa Hifadhi wa Kijiji

Gome likichunwa kuzunguka shina la mtundu au myombo ili kutengeneza mzinga, mti ule hukauka ukiwa umesimama. Na mwenge wa nyasi wa mrina asali, ukidondosha cheche mwezi wa Septemba, unateketeza eneo ambalo doria imelilinda mwaka mzima. Maelezo haya ya kuweka manzuki, yaani eneo la mizinga ya nyuki, ni ya vijiji vya Tanzania vinavyotaka asali bila hasara hizo mbili.

Makaratasi kwanza. Kama msitu umeshatengwa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, someni mpango wa usimamizi muone kama ufugaji nyuki umo, na ni katika eneo lipi. Kama haumo, kamati ya maliasili iandae marekebisho, yapite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, kisha sheria ndogo ziende wilayani. Ziseme wazi nani anaingia na lini, zipige marufuku mwenge na kuchuna magome, na zitaje kiasi kinachokatwa kwenye mauzo kwa ajili ya doria. Hicho cha mwisho ndicho huzaa ugomvi. Kikubaliwe kabla nyuki wa kwanza hajaingia.

Mzinga wa viunzi vya juu unatosha: ni sanduku lililopangwa juu yake vipande vya mbao (viunzi), na nyuki hujenga masega chini ya vipande hivyo. Fundi seremala yeyote wa kijijini anauweza, mradi apimiwe viunzi. Kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32, si 30 wala 35. Hiyo ndiyo nafasi ambayo nyuki wetu huacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Upana ukikosewa, sega moja hushika viunzi viwili au vitatu, na siku ya kurina hakuna kinachoinuka bila kuvunjika. Viunzi 27 vinahitaji sanduku lenye urefu wa ndani wa sentimita 87 hivi. Chini ya kila kiunzi, katikati, pakeni mstari wa nta iliyoyeyushwa ili wajenge kwa kuufuata.

Chagueni mahali penye kivuli, karibu na maji yasiyokauka, mita 300 au zaidi kutoka kwenye nyumba, shule na njia za mifugo. Anzeni na mizinga 10 hadi 20. Ining'inizwe kwa waya kati ya miti miwili, usawa wa kiuno, mbali na shina, maana nyegere hupanda. Waya zipakwe grisi kuzuia siafu, na majani yanayogusa mzinga yafyekwe. Jani moja tu ni daraja. Wekeni mwezi mmoja na nusu kabla ya miti kuchanua, mkisugua ndani kwa nta na mchaichai. Mzinga usioingiwa ukaguliwe: mara nyingi utakuta mjusi, sisimizi au buibui wameshahamia.

Kurina ni kazi ya jioni, watu wawili au zaidi, na bomba la moshi lenye magunzi au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Matambara yenye oili yanaharibu ladha. Anzieni sega la pembeni. Likiwa limefunikwa nta robo tatu au zaidi, likateni mkiacha ukanda wa sentimita moja kwenye kiunzi. Lisilofunikwa lirudi, kwa kuwa asali yake ina maji mengi na itachacha. Mkifika kwenye majana (masega yenye mayai na watoto wa nyuki), simameni, na muache masega mawili au matatu ya asali. Nyuki wenye njaa huhama. Kabla ya kuondoka, mabaki ya bomba yamwagiwe maji shimoni na kufukiwa.

Asali iingie kwenye ndoo safi yenye mfuniko, isiyowahi kubeba rangi wala dawa, ichujwe kwa kitambaa bila kuchemshwa. Masega matupu yayeyushwe ndani ya maji kwenye sufuria ya alumini, kwani chuma huifanya nta kuwa nyeusi.

Uzeni kwa mizani. Ndoo ya lita 20 ikijaa hubeba karibu kilo 28 za asali, na mnunuzi anayesema "lita 20 ni kilo 20" anaondoka na kilo nane za bure.