Kihisi cha kengele ya wageni kitazame njia kwa ubavu
Kwa nyumba iliyo mbali na geti, ninapendekeza kengele isiyotumia waya inayohisi joto la mwili na la injini, kwa sharti kwamba kihisi kifungwe pembeni mwa njia, kwenye kimo cha takriban mita 1, kikiitazama njia kwa ubavu badala ya kuelekezwa getini moja kwa moja. Ndani yake mna vipande viwili vinavyolinganisha joto la sehemu mbili zilizo mbele yake; anayekatiza hutoka sehemu moja na kuingia nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayoamsha kengele, ilhali anayekuja akikielekea huweza kusogea karibu sana kabla hajatambuliwa. Kihisi hicho hudhoofika mchana wa joto kali, kama wa Dar es Salaam mwezi Februari, hewa na ukuta vinapokaribia joto la mwili. Matawi yaliyopashwa na jua na kuyumbishwa na upepo nayo huiliza kengele bure, hivyo yapunguzwe kwanza. Anayetaka kujua magari tu achague kengele ya sumaku, ambayo kihisi chake hufukiwa kando ya njia na kutambua chuma kinachosogea: mbwa hawaiamshi, lakini hata mgeni wa miguu haitamtambua.