Tovuti ya kwanza ya mtoto wa darasa la tano: tuanze na chombo gani?

Nafundisha kompyuta skuli ya msingi huku Wete, Pemba. Kompyuta ni sita, watoto arubaini, na intaneti ni bando la simu yangu. Chombo nakichagua kwa hali hiyo, si kwa uzuri wa tangazo lake.

Hatua ya 1: kihoji chombo kwanza
Kinataka akaunti? Google haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe, na wetu wengi hawajafika huko. Usiwafundishe kudanganya mwaka wa kuzaliwa. Tena, kikifungwa kesho, kazi za watoto zitabaki wapi? Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walikuwa na Thimble, chombo cha kuandikia tovuti mtandaoni, nzuri kweli kwa watoto. Ilifungwa 2019, kazi zikahamia Glitch, chombo kingine cha aina hiyo. Glitch nayo ikaacha kuhifadhi miradi ya watu Julai 2025.

Hatua ya 2: Notepad
Ni programu ya kuandikia maandishi matupu; imo ndani ya Windows, haili bando. Kila mtoto na folda yake, aandike kwa HTML, lugha ya alama inayojenga kurasa za tovuti (h1 ni kichwa cha habari, p ni aya, img ni picha):

<h1>Karafuu za kwetu</h1>
<p>Babu anachuma, sisi tunachambua.</p>
<img src="jamvi.jpg">

Kazi iko kwenye kuhifadhi. Usipoangalia, Notepad hubandika .txt, faili likawa index.html.txt, na kivinjari kikaonesha alama zenyewe badala ya ukurasa. Kwenye kisanduku cha aina ya faili chagua mafaili yote, ndipo uandike index.html. Picha ikae folda hiyohiyo, jina kwa herufi ndogo, bila nafasi. Kwa Windows, Jamvi.JPG na jamvi.jpg ni mamoja. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti mtandaoni, huyaona mawili. Mimi nilisahau, nikapandisha kazi mtandaoni siku wazee walipokuja kutazama. Hakuna karafuu hata moja iliyoonekana, nikabaki najikuna kichwa.

Kisha waache wachezee. Msichana mmoja aliuhamisha mstari wa picha juu ya kichwa cha habari, akafungua upya, akaniita: "Mwalimu, kumbe inasoma kutoka juu!" Somo nililopanga kwa kipindi kizima akalimaliza yeye.

Hatua ya 3: Google Sites, kwa akaunti ya mwalimu
Hiki ni chombo cha Google cha kutengeneza tovuti bila kuandika alama. Tunakifikia baada ya wiki tatu nne hivi. Mwalimu anaingia, makundi yanapokezana kuburuta picha na maandishi. Hapa watoto hufurahia sana, ila wakianzia hapa hawajui kilichomo ndani. Kabla ya kuchapisha, weka waonaji uwatakao tu; sura za watoto na majina kamili yasiwemo.

WordPress, chombo kingine cha kutengeneza tovuti, iache kwa sasa. Vitufe vingi, kipindi kitaisha mnatafuta mandhari, yaani sura ya tovuti.

Hatua ya 4: nakili
Folda zote ziende kwenye flashi mbili kabla kengele haijalia. Moja nakaa nayo mimi, nyengine kabatini kwa mwalimu mkuu.